Mawe Chini ya Kikapu

Nimeuza viatu vya mitumba katika soko la Kongwa kwa muda mrefu kiasi kwamba nikikutazama miguuni najua utaanza bei wapi na utaishia wapi. Kwa hiyo yule nesi wa kituo cha afya aliposimama mbele ya meza yangu, mwezi wa tano ukielekea ukingoni, nilitazama viatu vyake kabla ya uso. Raba nyeupe za kazini, soli zimelika upande wa nje, kamba zimefungwa fundo mara mbili. Nikajisemea, huyu ni mbanaji, nisimpe mwanya.

Alitaka raba za watoto, pea arobaini, saizi mchanganyiko. Nikataja bei ya juu ili tupate pa kushukia. Hakupunguza. Akaniuliza kama naujua mpira wa kikapu. Nikamjibu kwamba kikapu nakijua, ila hicho cha mpira sijawahi kwenda nacho sokoni. Akacheka, akakaa kwenye benchi ninalowawekea wateja wa kujaribu, na hapo ndipo nilipopaswa kumwinua, maana mteja akishakaa na kuanza kusimulia, muuzaji ni yeye.

Alisema amecheza mchezo huo tangu shule ya bweni hadi chuo cha uuguzi, na tangu aletwe Kongwa alikuwa na jambo moja kichwani: kuwakusanya watoto wa mji likizo ya Juni, wiki nzima, bure, awafundishe. Miaka miwili mfululizo aliomba likizo ya Juni akanyimwa, kwa sababu wauguzi ni wachache. Mwaka huu amepewa. Ila pamoja na likizo amepewa na uhamisho. Wiki ya kambi ikiisha anafunga mizigo, anakwenda Katavi.

"Nina wiki hii moja tu, dada," akasema. "Ikinipita hii, sina nyingine."

Sijui alinifanya nini. Nilianza kwa kumuuzia, nikashuka hadi kumkodishia, na tulipoagana nilikuwa nimemwazima: watoto watavaa asubuhi, watarudisha jioni, na wa kusimamia viatu nitakuwa mimi. Nilipofunga meza nikaipigia hesabu biashara ile, nikairudia, na mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile: nimetoa viatu, nimetoa benchi, na mwenyewe nimo ndani kama nyongeza.

Tulikuwa watu wanne wa kujitolea. Nesi, ambaye kwao ni Bukoba. Fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Iringa, aliyetengeneza ringi kwa nondo na ubao wa goli kwa mlango wa kabati lililokwisha kufa. Kijana wa chuo kikuu cha kule Chimwaga, mzaliwa wa Dodoma mjini, aliyekuja kumtembelea shangazi yake akiwa na filimbi shingoni, na kwake kila jambo lilikuwa "simpo tu." Na mimi, Mrangi wa milima ya Kondoa. Ukitutazama vizuri utaiona kasoro, lakini sisi hatukuiona: hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa Kongwa wala aliyewahi kulima Kongwa.

Uwanja wetu ulikuwa sakafu. Pembezoni mwa mji kuna sakafu ya zege, pana, tambarare, iliyoachwa na wakoloni enzi za mradi wao wa karanga. Walikuja na matrekta kuilazimisha nchi hii izae karanga, nchi ikakataa, wakaondoka. Jengo nalo likaondoka taratibu, bati moja hapa, ubao mmoja kule, ikabaki sakafu kwa sababu sakafu haibebeki kichwani. Mwenyekiti wa mtaa alituruhusu kuitumia kwa sharti moja, tusiitoboe. Hivyo nguzo ya goli ilibidi isimame ndani ya pipa, na pipa lijazwe kitu kizito.

Jumapili tukaenda kufagia. Juni ya Kongwa ina baridi na upepo wa kukausha midomo, tulifagia tumejifunga makanga na masweta kama wagonjwa. Sakafu ilikuwa na vumbi, vinyesi vya mbuzi, na mawe. Mawe yenyewe yalikaa huku na huku bila mpango, moja la ukubwa wa kichwa, jingine la ukubwa wa ngumi, yametulia kama watu waliosahaulika mkutanoni. Nesi akauliza ya nini. Kijana wa chuo akasema watoto watakuwa walicheza. Fundi akasema wapishi watakuwa waliacha mafiga. Mimi sikuuliza ya nini, niliuliza bei: tulikuwa tunafikiria kununua kokoto za kujazia pipa, na hapa mawe ya bure yamelala miguuni. Nikayakusanya. Nikayahesabu, ishirini na matatu. Nikayahesabu tena, ishirini na matatu. Lililo kubwa kuliko yote, jiwe jekundu lililokuwa katikati kabisa ya sakafu, fundi akalitanguliza chini, mengine yakafuata juu yake, nguzo ikasimama wima na upepo haukuifanya kitu. Tukapiga picha. Kijana wa chuo akachora mistari ya uwanja kwa chokaa. Tukarudi nyumbani tukijisifu kwa usafi.

Jumatatu kulipopambazuka watoto walikuwa wameshafika, arobaini na kitu, wamevaa masweta ya shule na kofia za sufu, mikono imefichwa kwapani. Nikawagawia raba. Wengi walikuwa hawajawahi kuushika mpira ule, wakaupiga teke kwanza kwa mazoea. Nesi akawaambia mpira huu haupigwi teke, unadundwa. Wakaudunda. Sakafu nzima ikalia kama paa la bati mvua inapoanza, na nesi akasimama katikati ya kelele ile, filimbi mdomoni hajaipuliza, anatabasamu tu.

Kwenye saa mbili hivi akaja mama mmoja na furushi la karanga kichwani. Akalitua ukingoni. Hakutusalimu. Akaanza kutembea juu ya sakafu ameinama, kama mtu aliyeangusha hereni. Akaja wa pili, naye akainama. Wa tatu alipofika hawakuinama tena, waliinua vichwa wote pamoja wakatutazama. Watoto wakaacha kudunda, mpira mmoja baada ya mwingine. Nikajua kuna kitu, maana watoto arobaini hawanyamazi bure.

Halafu akaja bibi. Mwembamba, amejitanda kaniki, anatanguliwa na wajukuu wawili wenye mizigo ya masuke ya mtama. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba moja kwa sote, akatembea moja kwa moja hadi katikati ya sakafu, akasimama, akatazama chini kati ya miguu yake.

"Nani kaokota mawe?"

Hapo ndipo tulipofundishwa. Sakafu ile ni ya kuanikia. Kila mavuno wanawake wa upande ule wa mji huanika pale karanga na alizeti zao, huanika mtama na kuupura, na kila mmoja ana mahali pake. Mahali panajulikana kwa jiwe. Jiwe halihamishwi, halirithiwi na binti, linarithiwa na mke wa mwana, pamoja na sufuria kubwa na maneno ya mama mkwe. Jekundu la katikati lilikuwa la bibi. Katikati ndiko jua linakowahi kufika na kuchelewa kuondoka, na ndiko mbuzi asikofika kabla hajaonekana.

Na hilo lilikuwa shtaka la kwanza tu. La pili ni kwamba watu wanaolinda vitu vilivyoanikwa dhidi ya mbuzi na kuku, likizo zote za Juni, ni watoto. Tuliwachukulia wanawake wale mahali, kisha tukawachukulia na walinzi, tukawavalisha raba.

Nikamgeukia msichana mmoja wa kambi, nikamnong'oneza kama alijua habari ya mawe. Akasema wote walijua. Mbona hamkusema? Akanitazama kwa huruma. "Tulidhani wakubwa mmeshakubaliana."

Kijana wa chuo akasema ni simpo tu, tuipime sakafu kwa simu tuigawe sawa kwa sawa. Alitazamwa hivi kwamba aliirudisha simu mfukoni mwenyewe. Maana ugomvi ulikuwa umeshaanza, na haukuwa tena na sisi. Mama huyu alidai alikuwa karibu na barabara lakini si karibu hivyo, yule akasema kwa miaka yote walikuwa wawili kabla ya kufika kwenye ufa, wa tatu akauliza ufa upi, sakafu nzima ina nyufa. Nilijua idadi ya mawe yao kuliko wao wenyewe. Mahali pa hata moja sikuwa napajua.

Nikamtafuta nesi kwa macho. Alikuwa ameukumbatia mpira tumboni kama chupa ya maji ya moto. Nilimwona anahesabu, na mimi hesabu ya mtu naisoma usoni: wiki moja, siku ya kwanza, saa mbili na nusu asubuhi, na tayari imekwisha.

Sokoni mteja akikasirika usikimbilie kushusha bei. Mpe kiti. Nikaleta benchi langu, nikalifuta, nikamkaribisha bibi. Akakaa. Nikachuchumaa mbele yake, nikaanza kazi ninayoijua.

Nikasema jua la maana ni la kuanzia saa tatu hadi saa kumi. Kabla ya hapo umande, baada ya hapo vivuli. Sisi tutacheza kabla na baada, katikati sakafu ni yenu. Wakanung'unika kwamba kuanika na kuanua kila siku ni kazi ya kuvunja mgongo. Nikawaambia mgongo wa nani, nina watoto arobaini wenye mikono miwili kila mmoja, watawaanikia saa tatu na kuwaanulia saa kumi, na kati ya hapo watalinda mbuzi kwa zamu, na hii ni bei ambayo sijawahi kumpa mtu. Wakatazamana. Mmoja akauliza kama watoto wa upande wa pili wa mji nao wamo. Nikasema wamo. Nyuso zikaanza kulegea, nami nikaanza kujipongeza moyoni.

Bibi akasema ni sawa. Halafu akasema, "Na jiwe langu."

Nikamweleza kwa upole kwamba jiwe lake limekaa chini ya mengine yote ndani ya pipa, na pipa ndilo linalosimamisha goli, na bila goli mchezo huu ni kudunda tu. Nikamwahidi jingine. Kubwa kuliko lile, jekundu kuliko lile, achague mwenyewe, nitalibeba mimi. Nilitumia sauti ninayotumia kuuzia raba ambazo ya kushoto ni saizi moja na ya kulia nyingine.

"Mwanangu," bibi akasema, "wewe mama mkwe wako akifa, nikuletee mwingine mkubwa kuliko yule?"

Wanawake wakaangua kicheko. Hata nesi alicheka, akiwa na machozi karibu. Kisha akaweka mpira chini, akamwambia fundi alaze pipa.

Fundi akamwuliza kama ana hakika. Mwenyewe alikuwa ameshinda Jumamosi nzima akiichomelea ile nguzo, na mpira ulikuwa haujaingia hata mara moja.

"Laza," akasema nesi. "Kambi nitaifanya bila goli. Bila hawa mama siwezi kuifanya."

Tukalaza. Goli likalala kwenye vumbi kama twiga aliyechoka. Mawe yakamwagika, na kila mama akachukua lake bila kuuliza, wengine kwa kulicheka, kama mtu anayekutana na shemeji asiyemtarajia. Jekundu likatoka mwisho. Bibi akalifuta kwa ncha ya kaniki, akalibeba mwenyewe akikataa kusaidiwa, akaliweka katikati, akarudi nyuma hatua, akatazama, akalisogeza kidogo kwa kidole cha mguu.

Na hapo likatokea jambo ambalo mbinu zangu zote zisingelileta. Jekundu lilipokaa, wengine wote wakakumbuka. Mimi nilikuwa mkono wako wa kushoto, bibi. Mimi nilikuwa nyuma ya huyu. Mimi nilipakana na huyu, ndiye aliyekuwa akinisukumia maganda. Kabla watoto hawajapata uji, mawe yote ishirini na matatu yalikuwa yamerudi, na ugomvi uliobaki ulikuwa ni ule wa maganda tu, ambao nasikia una umri mkubwa kuliko mimi.

Basi kambi ikaendelea, kambi ya kikapu isiyo na kikapu.

Siku ya pili nesi aliyatazama yale mawe alfajiri, yametapakaa uwanja mzima, akasema mbona hivi ndivyo vizuizi vya kufanyia mazoezi ambavyo alikosa pa kuvinunua. Akawapanga watoto, wadunde mpira wakipita kati ya jiwe na jiwe, kulia, kushoto, bila kugusa. Akigusa mtu, adhabu ni kwenda kupembua karanga za mwenye jiwe. Nimeona watu wakijifunza mambo kwa fimbo na nimeona wakijifunza kwa zawadi, lakini sijaona mafunzo ya haraka kama ya mtoto aliyegusa jiwe la mama mwenye magunia matano. Kufikia Jumatano walikuwa wanapita pale kama maji. Jekundu halikuguswa hata mara moja. Nilikuwa nalitazama.

Ulinzi nao walifundishwa na mbuzi. Nesi aliwaonyesha namna ya kukaa, magoti yamekunjwa, kiuno chini, mikono imetandazwa, usivuke miguu, mtazame tumboni maana macho hudanganya. Halafu akawapeleka ukingoni mwa sakafu. Kulikuwa na beberu mmoja mweupe wa jirani, mwenye tabia mbaya na mwendo mzuri. Alikuwa akijifanya anaondoka, anageuka ghafla, anapenya. Jumanne alifunga mara tatu, karanga mdomoni. Alhamisi wasichana wawili walimkaba hadi akakaa chini kufikiri.

Kwa kutupa, fundi ndiye aliyekuwa goli. Alisimama juu ya benchi langu ameshika ringi kwa mikono miwili, na akichoka kijana wa chuo anapokea. Ubaya wa goli lenye miguu ni kwamba lina huruma: fundi akimwona mtoto mdogo ametupa vibaya, aliufuata mpira na ringi yake. Watoto wakajua, wakaanza kubishania nani anapendwa na goli. Mchezaji mmoja akalalamika kwa nesi kwamba goli linamchukia kwa sababu baba yake hajamaliza malipo ya geti. Fundi akasema kutoka juu ya benchi kwamba ni kweli.

Bibi wakati wote huo hakuwa amezungumza na nesi. Na mimi alinitania vya kutosha. Kila nikimkaribia alivuta ungo wake upande wa pili akisema mtu wa Kondoa akikusalimia asubuhi sana, angalia ulichokishika. Lakini kwa nesi, macho yake yalipita tu. Alhamisi masuke ya mtama wake yalikuwa yamekauka, tayari kupurwa, na kupura ni kazi inayohitaji kuita watu na kuwapikia pombe. Watoto wakapura. Walishika fimbo wakasimama mistari miwili wakitazamana, upande huu ukishusha, upande ule unainua, na wimbo walioimba sikuuelewa maneno lakini miguu yangu iliuelewa. Nesi akachukua fimbo, akajiunga mwisho wa mstari, akawa anachelewa kila pigo. Bibi alimtazama, kisha akarudi kwenye ungo wake.

Ijumaa jioni tukakaa kikao cha huzuni. Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho, wazazi wamealikwa, na nesi alitaka kitu kimoja tu kabla ya Katavi: watoto wale wacheze mechi ya kweli, kwenye goli lililosimama. Mwenyekiti hakulegeza sharti lake la kutoboa. Mawe yapo kila mahali Kongwa, lakini nani angeokota? Tangu Jumatatu ile, mimi nikiona jiwe barabarani naliamkia kwanza. Wanawake wenye karanga wakajitolea magunia yao, Mungu awabariki. Tukayapanga ndani na kuzunguka pipa. Karanga za maganda zinajaza macho, hazijazi mizani. Upepo ulipokuja nguzo ikainama na kuinuka, ikainama na kuinuka, kama mtu anayesinzia msibani.

Sote tukajua dawa. Nafaka nzito, iliyopurwa, kavu, iliyoko tayari kwenye magunia pale pale, ilikuwa ya mtu mmoja.

Nikaenda mimi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ya kuanzia, ya kurudi nyuma, na ya kufungia. Bibi alikuwa anashona mdomo wa gunia la tatu. Nikamsalimu mbukwa, kwa Kigogo chao, ili nianze vizuri. Akaniitikia, akaniuliza kwa nini nesi hakuja mwenyewe.

Nikayaacha maneno yangu ya kupanga. Nikasema anaona haya.

"Haya ya jiwe?"

"Ya jiwe, bibi."

Akavuta uzi. "Wanasema anahamishwa."

"Jumatatu."

Alishona hadi mwisho, akakata uzi kwa meno aliyobakiwa nayo. Akasema nesi yule amempima presha miaka yote hii na hajamgombeza hata siku moja kuhusu chumvi. Amemwandikia dawa, akamwuliza habari za mtama. Wengine wote wanamgombeza. Kisha akaniuliza magunia mangapi. Nikasema matatu yote. Akasema lazima mtu wa Kondoa aseme yote. Nikangoja aniwekee masharti, maana hakuna kitu duniani kisicho na masharti.

"Mtama wangu hauachwi peke yake," akasema. "Nitakaa nao."

Ndivyo ilivyokuwa, Jumamosi, goli la kwanza la kikapu la Kongwa likasimama juu ya magunia matatu ya mtama, na mwenye mtama amekaa juu ya mojawapo, kaniki imefungwa vizuri, mgongo umeegemea nguzo. Hakukuwa na kiti kizuri kuliko kile. Wazazi walijaa kingo zote. Sakafu ilikuwa tupu siku ile, wanawake wakiwa wamesogeza mavuno pembeni kwa hiari yao, ila mawe yalibaki mahali pake, na watoto walicheza mechi nzima wakiyapita bila kuyatazama, kama mtu anavyopita gizani katika nyumba aliyozaliwa.

Kila mpira ulipogonga ubao ule wa kabati, bibi aliinua kichwa na kusema jambo. Mwanzoni alisema na magunia yake. Baadaye akaanza kusema na wachezaji: wewe mwenye sweta, mbona unamwogopa huyo, huyo ni mjukuu wa fulani, hawana nguvu ukoo mzima. Beberu mweupe naye alikuja kutazama, akakabwa kabla ya mtu yeyote kuambiwa.

Pointi nilipewa kuhesabu mimi, kwa sifa yangu ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Nikahesabu. Mwisho wa mechi nikarudia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara nikapata majibu mawili. Timu hii ikachukua la kwanza, timu ile ikachukua la pili, zote zikashangilia, na mimi nikaona si mahali pa kuleta ukweli. Nesi alikuwa amesimama chini ya goli na filimbi mkononi. Mpira wa mwisho uliingia na kumwangukia miguuni, akauacha ubingirike.

Bibi akasimama, akajipangusa makapi. "Hii kazi yako nzuri," akamwambia. Ndiyo maneno ya kwanza wiki nzima. "Ila kupura hujui."

"Sijui, bibi. Shikamoo."

"Marahaba."

Jumatatu alfajiri gari lake la kwenda Dodoma lilikuwa la saa moja. Nikamsindikiza, begi moja mimi, begi moja yeye. Akaomba tupite sakafuni aione. Tulidhani hakutakuwa na mtu, lakini bibi alikuwepo, anafagia mahali pake. Nesi akaamkia, akaaga, akageuka kuondoka. Ndipo akaona, hatua mbili kutoka lile jekundu, jiwe ambalo halikuwepo Jumamosi. Jeupe, dogo, la kung'aa kidogo, kama yale yanayookotwa mlimani.

Akauliza la nani.

"Lako," bibi akasema, na ufagio haukusimama.

"Bibi, mimi sina karanga. Sina hata shamba."

"Nimekuuliza karanga? Ukirudi na mpira wako Juni nyingine, usije kuniomba nafasi. Unayo."

Nesi akachuchumaa. Nilidhani anataka kulichukua kama kumbukumbu, nikawa tayari kumzuia, maana somo hilo tumelilipia. Hakulichukua. Aliligusa kwa kidole, akalisogeza kidogo sana upande wa jua, akasimama.

Gari likaondoka naye. Mimi nikarudi sokoni kwa njia ile ile, nikayahesabu mawe. Ishirini na manne. Nikayahesabu tena.

Mavuno yangalipo, na sakafu haijaongezeka. Wanawake wale wanapakana kiwiko kwa kiwiko, na lile la maganda bado linasikika kila asubuhi. Leo nimepita pale na mzigo wa viatu. Karanga zilikuwa zimeanikwa kutoka ukingo hadi ukingo, nyekundu za huyu zimegusana na nyeupe za yule, hakuna pa kuweka mguu. Ila kuzunguka jiwe jeupe kulikuwa na duara tupu la zege, limefagiwa, upana kama wa ringi ya fundi au zaidi kidogo. Kwa jicho langu la sokoni, pale pangeingia kisado cha karanga bila kubana. Nimesimama muda kungoja nione nani atapajaza, na hakuna aliyepajaza.